Nguvu za Mchumaji Nazo ni Mtaji

Wanachama wenzangu,

Kila msimu wa karafuu unapokaribia, sisi wakulima huhesabu mambo mengi. Huhesabu mikarafuu iliyozaa, majamvi ya kuanikia, magunia, fedha za kuwalipa wachumaji kwa pishi, na hata mchele wa kambi. Lakini jambo moja aghalabu halimo katika hesabu hizo, nalo ni nguvu za watu watakaoifanya kazi. Nguvu hutumiwa kama maji ya mto, kana kwamba hazina mwisho. Matokeo yake twayajua sote: msimu ukifika kati, vijana wamekonda, mama za watoto wameugua, ugomvi umeingia nyumbani, na karafuu zilizochumwa kwa taabu zimeharibika.

Yafaa kwanza tutenganishe uchovu wa aina mbili. Kuna kuchoka kwa siku moja, ambako mtu akila na kulala huamka mzima. Na kuna kuishiwa, ambako mtu hulala akaamka amechoka vile vile. Mwaka 1974 mtaalamu mmoja wa New York, Herbert Freudenberger, aliandika juu ya hali hii ya pili, baada ya kuiona kwa watu waliojitolea kuhudumia wagonjwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilizitaja dalili zake tatu: nguvu kwisha, moyo kuikimbia kazi, na kazi yenyewe kupungua ubora. Halikuiita maradhi. Lilisema ni hali itokanayo na mashaka ya kazi ya muda mrefu yasiyosimamiwa vyema. Basi ikiwa tatizo ni usimamizi, dawa yake imo mikononi mwetu.

Tuitazame siku ya msimu ilivyo. Alfajiri watu wako njiani. Mchana kutwa wako juu ya miti. Magharibi karafuu hufikishwa nyumbani, na kazi ya kuchambua makonyo huanza wakati mwili umekwisha choka, ikaendelea hadi usiku mwingi. Bibi wa nyumba, aliyeamka kabla ya wote kupika, ndiye wa mwisho kulala. Kesho yake watu wale wale wanapanda tena.

Uchunguzi uliotangazwa Australia mwaka 1997 ulionyesha kuwa mtu aliyekaa macho muda wa saa 17 mfululizo, mkono na jicho lake hufanya kazi kama la mtu aliyekunywa kileo. Na mkarafuu, ndugu zangu, una matawi mepesi kukatika, na shina lake likilowa huteleza. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Tena mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kuwa wafanyao kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari ya kupata kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35 kuliko wafanyao saa 35 hadi 40. Katika msimu wetu, saa 55 humalizika kabla wiki haijesha.

Sasa tufanyeje? Rai yangu ni kwamba tusiulize tu, “Kazi gani imebaki?” Tuulize pia, “Kazi hii yataka nguvu gani, na nguvu hizo mtu anazo saa ngapi?”

Kwanza, kazi ya hatari ipewe saa bora. Miti mirefu ipandwe asubuhi, umande ukisha kauka, hadi saa 5 hivi. Kabla ya hapo watu wale chakula cha kushiba, si chai tupu.

Pili, adhuhuri watu washuke. Wasali, wale, wapate kailula. Wazee wetu hawakulala mchana kwa uvivu. Walijua jua lina haki yake. Baadaye zichumwe zile za matawi ya chini tu.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, kiasi cha kuchuma kipimwe kwa mikono ya kuchambua. Chukua mfano wa nyumba inayoweza kuchambua pishi 20 kabla ya isha. Wakichuma pishi 30, pishi 10 zitawakesha, au zitalala chungu. Karafuu mbichi zikirundikwa hupata moto, zikageuka nyeupe na kunyauka, na bei hushuka. Mtaka yote hukosa yote. Afadhali kushuka mtini saa 10 na kuchambua kungali mchana.

Nne, kazi zizungushwe. Aliyepanda siku mbili, siku ya tatu akae jamvini, ageuze karafuu na kuangalia mvua. Mlinzi wa usiku asiwe mpandaji wa asubuhi. Na wanaume wakichambua pamoja na wake zao, mzigo wa nyumba hupungua.

Najua jibu litakalotolewa: karafuu hazingoji, zikichanua thamani yake imekwenda. Ni kweli. Lakini hazipevuki zote siku moja, hata katika mti mmoja. Mkulima anayelizunguka shamba lake mapema, akaitia alama miti itakayotangulia, huwa na nafasi ya kupanga. Anayengoja mpaka shamba zima limemjia juu, huyo hana budi kukimbia. Na kazi ikizidi watu wa nyumba, turejee desturi ya kusaidiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu.

Naomba kila nyumba ikae kabla ya msimu, mke, mume na vijana, waandike katika karatasi moja: nani atapanda, nani atachambua, saa ngapi kazi itakoma, na siku gani ya wiki itakuwa ya kupumzika. Karatasi hiyo na ije katika mkutano wetu wa matayarisho pamoja na hesabu ya majamvi na magunia. Tutazisoma pamoja, na palipo na nyumba yenye mikono michache tutajua mapema ni nani wa kuisaidia.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama