Tanjenti Inayovunja Mawe ya Figo

Februari 1980, jijini Munich, Ujerumani, mgonjwa mwenye mawe kwenye figo alitibiwa ndani ya beseni la maji, bila kupasuliwa. Cheche ya umeme ilipigwa ndani ya bakuli la metali lenye umbo la duaradufu, kwenye fokasi ya kwanza. Mawimbi ya mshindo yakagonga ukuta wa bakuli, yakakusanyika kwenye fokasi ya pili, mahali palipolengwa jiwe.

Kwa nini yakusanyike hapo? Apollonius wa Perga alithibitisha jibu yapata miaka 2,200 iliyopita, katika kitabu cha tatu cha Koniki. Uthibitisho mfupi zaidi ni huu.

Pigilia misumari miwili, F na G, ufunge kwayo ncha za uzi uliolegea, kisha zungusha penseli huku ukiukaza uzi. Mchoro utakaopatikana ni duaradufu, na misumari ndiyo fokasi zake. Kwa kila nukta P ya mchoro, FP + PG ni urefu wa uzi. Nukta iliyo nje hudai uzi mrefu zaidi.

Chora tanjenti, yaani mstari mnyoofu unaogusa duaradufu kwenye P tu. Nukta zake nyingine zote ziko nje. Kwa hiyo njia fupi kabisa ya kutoka F, kugusa tanjenti, hadi G, hupitia P. Sasa ifanye tanjenti kuwa kioo, na H iwe taswira ya G. Kila nukta ya tanjenti iko umbali sawa kutoka G na H, hivyo njia fupi kabisa ya kwenda H nayo hupitia P. Lakini njia hiyo ni mstari mnyoofu! Basi F, P na H zimo kwenye mstari mmoja, na kwa kuwa HP ni taswira ya GP, FP na GP hufanya pembe sawa na tanjenti.

Kuna faida ya ziada. FH ni urefu wa uzi, kwa tanjenti yoyote ile. Kutoka katikati ya FG hadi katikati ya GH ni nusu ya FH. Na katikati ya GH ndipo mstari unaoshuka kutoka G hukutana na tanjenti kwa pembe mraba. Makutano hayo yote, basi, hukaa juu ya duara moja lenye nusukipenyo cha nusu ya uzi.

Mawimbi hurudi kutoka ukutani kwa pembe ile ile yaliyoingilia, ndiyo maana yote huishia fokasi ya pili. Tena njia zao zote zina urefu mmoja, hivyo hufika kwa pamoja. Pembe huyapeleka mahali pamoja, uzi huyafikisha wakati mmoja; jiwe huvunjwa na mambo hayo mawili kwa pamoja.