Kunde Zetu na Chupa za Maabara

Ninasomea kilimo Guangzhou.

Hapa sokoni huuzwa maganda mabichi marefu kama kamba, yaitwayo dau gok. Sisi hupika punje kwa nazi. Wao hukaanga maganda. Lakini mmea ni ule ule, Vigna unguiculata, kunde yenye asili ya Afrika. Ndiyo maana kaka yangu wa Muheza, funza walipomtobolea maganda shamba zima, aliniuliza kama maabara za huku haziwezi kumpatia mbegu ya kumwokoa.

Kazi ya maabara ni hii. Kipande cha mche husafishwa kwa dawa, kisha huwekwa chupani penye sukari, chumvi za madini na homoni za mimea, vikigandishwa kwa agari itokanayo na mwani. Homoni moja huita machipukizi, nyingine mizizi. Migomba hukubali upesi. Jamii ya kunde ni kaidi. Mara nyingi kipande huvimba tu kikawa bonge lisilochipua. Kuhusu soya, ni mwaka 1988 ndipo Wei Zhiming na Xu Zhihong, wa Shanghai, walipotangaza kupata mimea kamili kutoka chembe zilizovuliwa kuta zake.

Faida ni kwamba chembe iliyotiwa sifa mpya huweza kukuzwa ikawa mmea mzima. Hivyo ndivyo ilivyopatikana SAMPEA 20-T, kunde iliyoidhinishwa Nigeria mwaka 2019, yenye jeni ya bakteria inayowaua funza wale. Watafiti wa Zaria walishirikiana na CSIRO ya Australia, chini ya uratibu wa AATF ya Nairobi. Hata hivyo, haizuii vidukari wala bungua wa ghalani.

Nilimjibu kaka kwamba mbegu ya namna hiyo haivushwi mpaka mkobani. Yahitaji idhini ya serikali. Tena asitupe mbegu za bibi, kwani maabara nayo huanzia kwenye mbegu. IITA, kule Ibadan, imehifadhi sampuli zaidi ya 15,000 za kunde. Na kwa kuwa kunde hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, mbegu iliyochaguliwa vema hudumisha sifa zake.

Basi kila nyumba na iwaulize wazee majina ya kunde zao, tuyachape katika kitabu cha mwakani.