Je, Wajua? Juu Majani, Chini Karamu

Sogea hapa kidogo. Ukisikia neno fangasi, akili inakimbilia vidole vya miguu, sivyo? Leo tushuke mizizini mwa miti, maana huko kuna visa vya kukutoa macho.

Je, wajua kuwa kwa ukoo fangasi iko karibu zaidi na wewe kuliko na mchicha? Kuta za seli zake zina kitini, malighafi ileile iliyomo katika magamba ya kamba na ya mende. Haya, mla kamba, msalimie binamu!

Tembo? Nyangumi? Wadogo hao! Katika msitu wa Malheur, jimbo la Oregon nchini Marekani, fangasi moja ya jamii ya Armillaria imetanda ardhini hekta 965, ikila mizizi ya miti. Hivyo ni viwanja vya mpira zaidi ya 1,300, na umri wake unakadiriwa kuwa kati ya miaka 2,400 na 8,650.

Usidhani ni mambo ya Marekani tu. Armillaria ipo pia kwenye mashamba ya chai ya Kenya na Malawi, ikijificha katika visiki vya msitu uliofyekwa. Miaka ya 1930 huko Nyasaland, Malawi ya leo, mtaalamu R. Leach alionyesha dawa ya ajabu: menya gome la mti kuuzunguka, uuache ufe taratibu, ndipo uukate. Wanga wa mizizini huwa umekwisha, na fangasi ikifika inakuta sufuria tupu!

Umewahi kuona kuni zinazong'aa gizani? Armillaria ikitanda ndani ya gogo bovu huweza kutoa mwanga hafifu. Mwaka 1776 nyambizi ya Marekani iitwayo Turtle ilibeba kuni zenye fangasi ing'aayo za kumulikia dira, kwa sababu mshumaa ungemmalizia hewa mwendeshaji wake.

Na mwizi naye huibiwa! Okidi ya Asia Mashariki iitwayo Gastrodia elata haina majani ya kijani wala haijipikii chakula. Huinyonya Armillaria, nayo Armillaria inanyonya miti. Wachina nao huchimba tunguu la okidi hiyo wakalifanya dawa.

Enyi wa Zanzibar, sikieni hili. Karne iliyopita mikarafuu mikubwa iliyoonekana mizima ilikuwa ikikauka ghafla, majani yote kwa mpigo. Miaka ya 1950 watafiti Nutman na Roberts walimnyooshea kidole Valsa eugeniae, fangasi ya mizizini. Ama kweli, kikulacho ki mizizini mwako.

Je, kiozesha mizizi chaweza kuogelea? Naam! Phytophthora cinnamomi, adui wa mparachichi, hutoa vijimbegu vyenye mikia miwili, vikaogelea katika maji ya udongo kuifuata mizizi. Kilielezwa kitaalamu mwaka 1922 kutoka midalasini ya Sumatra, na leo kinajulikana kushambulia karibu aina 5,000 za mimea. Tena si fangasi halisi: jamaa zake ni mwani wa kahawia wa baharini!

Hesabu nawe: uyoga mmoja mgumu wa Ganoderma applanatum, ule unaoota ubavuni mwa mti kama rafu, huweza kumwaga vijimbegu bilioni 30 kwa siku. Ndugu yake mmoja huozesha mashina na mizizi ya michikichi ya Malaysia na Indonesia. Ndugu mwingine? Huyo anauzwa kama dawa, hata ndani ya kahawa!

Mkulima wa karanga, ukiona vipira vidogo kama mbegu za haradali chini ya shina, usifurahi. Ni Sclerotium rolfsii imeweka akiba ya msimu ujao. Hushambulia zaidi ya aina 500 za mimea, nyanya na maharage yakiwemo.

Umechoka? Bado! Fangasi zilizokwisha kupewa majina ni kama 150,000, lakini wataalamu wanakadiria kuwa zipo aina kati ya milioni 2.2 na milioni 3.8. Nyingi bado hazina hata jina la utani.

La mwisho, kaa vizuri. Fangasi ya Fusarium, ipenyayo mizizini mwa mgomba, ndiyo iliyoing'oa sokoni ndizi ya Gros Michel, iliyokuwa malkia wa ndizi za kusafirishwa hadi miaka ya 1950. Aina yake mpya kali, TR4, ilitangazwa Msumbiji mwaka 2013, na huweza kungoja udongoni kwa makumi ya miaka bila mgomba hata mmoja. Husafiri kwa nini? Kwa miche, kwa jembe, na kwa tope la viatu.

Kumbe hukukosea ulipofikiria miguu! Haya, geuza soli tuone.