Tovuti sita za kuweka kwenye simu yako kabla hujatuma pesa

Wengi wetu tukitafuta huduma mtandaoni hubonyeza tovuti ya kwanza kutokea. Hapo ndipo matapeli hutuvizia: ukurasa unafanana na wa serikali, nambari ya kulipia ni ya mtu binafsi, na pesa zikienda zimeenda. Tumekukusanyia sita za kweli. Kuzifungua ni bure.

1. ecitizen.go.ke
Pasipoti, cheti cha kuzaliwa, kusajili jina la biashara: mlango ni huu. Malipo huenda kwa Paybill 222222. Ukiambiwa utume "ya kuharakisha" kwa nambari ya simu ya mtu, achana naye.

2. itax.kra.go.ke
Ritani za mwaka uliopita hujazwa kufikia tarehe 30 Juni, hata kama una PIN ya KRA lakini hukupata kipato. Ukichelewa, faini haipungui Sh2,000. Na usichanganye: PIN ya KRA ni nambari yako ya mlipa ushuru, ile ya kutuma pesa ni siri yako. Afisa wa ushuru hana haja na hiyo ya pili.

3. ufaa.go.ke
Hii wengi hawaijui. Mamlaka ya UFAA hutunza mali iliyosahaulika: akaunti za benki zilizolala, gawio la hisa, bima, hata salio la pesa kwenye laini za simu zilizoachwa kutumika. Weka nambari ya kitambulisho uone kama kuna chako. Familia ya marehemu pia inaweza kudai, ikiwa na stakabadhi za urithi. Mamlaka haitozi ada ya kutafuta wala ya kudai. Kwa hivyo mtu akikupigia, "Marehemu baba aliacha laki tatu, tuma elfu mbili tuzifungue," kata simu, kisha uangalie mwenyewe.

4. epra.go.ke
Kila tarehe 14 ya mwezi, bei mpya za mafuta hutangazwa, mji kwa mji. Hizo ndizo bei za juu kabisa zinazoruhusiwa. Wewe wa boda au matatu, linganisha na pampu kabla ya kulipa.

5. africanstorybook.org
Hadithi za watoto zenye picha, bure, kwa Kiswahili, Kidholuo, Kikamba na lugha nyingine nyingi. Pakua ukiwa na WiFi, msome baadaye bila bando.

6. haveibeenpwned.com
Andika barua pepe yako uone kama imewahi kuvuja kutoka kwa tovuti iliyodukuliwa. Ikiwa imevuja, badilisha nywila leo, hasa kama unaitumia kwingine.

Kabla ya kubonyeza "Lipa"

- Soma anwani hadi mwisho. Za serikali ya Kenya huishia kwa .go.ke. Kama baada ya hapo kuna nukta na maneno mengine, hiyo si ya serikali.
- Jina la anayelipwa likitokea kwenye simu, lisome. Kama si la ofisi unayoilipa, usiendelee.
- PIN yako huwekwa kwenye menyu ya malipo ya simu yako pekee. Usiiandike kwenye tovuti, na usimtajie mtu, hata akisema ametoka kwetu.

Mtumie mzazi au jirani orodha hii. Huenda kuna pesa zake UFAA zinamngoja.