Feri Ikichelewa, Usijibu Meseji Bado

Lile banda la kusubiri feri pale Likoni saa moja asubuhi walijua. Mbele mgongo wa mtu, nyuma kikapu cha mtu, jasho linatiririka, na simu mfukoni inatetemeka. Mwaka jana nilikuwa humo meseji ya mwajiri wangu ilipoingia: "Umechelewa tena?" Hilo neno "tena" ndilo lililoniwasha. Nikamjibu papo hapo, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kufika ng'ambo, kazi sina.

Ile hasira ilidumu kama dakika tano. Kodi ya nyumba nilidaiwa miezi miwili.

Ndipo nikaanza kusoma kuhusu taamuli ya Kibudha. Najua unachowaza: hayo si mambo ya watalii wa Diani na mikeka yao? Haya, nikupe mtu wa karibu. Bhante Buddharakkhita ni Mganda, jina lake la kuzaliwa Steven Kaboggoza. Mwaka 1990 alienda India kusoma, huko akakutana na watawa wa Kibudha kutoka Thailand. Mwaka 2002 akawa mtawa kamili, na mwaka 2005 akaanzisha kituo cha Wabudha kule Entebbe. Na Dar es Salaam, mtaa wa Upanga, kuna hekalu la Wabudha lililoanzishwa na watu wa Sri Lanka tangu enzi za mkoloni.

Kozi maarufu za taamuli, zile za vipassana alizozieneza S.N. Goenka, ni za siku 10. Huongei na mwenzako, simu unaikabidhi, kengele inakuamsha saa kumi alfajiri. Hazina ada, anayemaliza huchangia akipenda. Lakini wewe unayeishi kwa kibarua, siku 10 utazitoa wapi? Na hicho chumba cha kimya utakipata wapi Kisauni, ambako redio ya jirani ni kama yako?

Mimi nilichoshika ni njia ya mtawa wa Myanmar, Mahasi Sayadaw, kwa sababu haihitaji kimya. Kaa, au simama kama uko kwenye foleni. Sikiliza tumbo lako unapopumua. Likipanda, sema kimoyomoyo "linapanda". Likishuka, "linashuka". Akili ikitoroka kwenda kwa madeni, sema "nawaza", kisha rudi tumboni. Makanga akipiga kelele, "nasikia". Hasira ikija, "hasira". Usiifukuze, na usiifuate.

Yaani ni hivyo tu? Ndiyo, na jaribu dakika tano uone ugumu wake. Ukiitaja hasira kwa jina, unaanza kuiona ilipo: kifua kina moto, taya zimekaza. Ukiendelea kuitazama, inapungua. Wabudha husema kila kinachoinuka hushuka, na hapa huambiwi uamini tu, unajionea mwenyewe mwilini.

Sasa, dini. Wengi wetu huku Pwani ni Waislamu au Wakristo, na swali la shirki ni swali la haki. Asili ya zoezi hili ni dini ya Buddha, sitakuficha. Lakini kutazama pumzi yako si kuabudu kitu. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianza kufundisha mazoezi kama haya katika hospitali ya chuo kikuu huko Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu, bila ibada yoyote. Na kama umewahi kusimama kwenye swala huku akili iko Kongowea sokoni, unajua kukosa khushuu ni nini. Ukiwa bado na shaka, muulize shehe au padri wako.

Taamuli haitakulipia kodi. Haiondoi foleni ya Changamwe. Na kama hulali, au unawaza kujidhuru, usibaki peke yako na pumzi: mwambie mtu unayemwamini, nenda hospitali.

Juzi feri ilichelewa tena. Meseji ya bosi mpya ikaingia: "Uko wapi wewe?" Nikasema "hasira" mara tatu, tumbo likipanda na kushuka, mpaka geti likafunguliwa. Kisha nikaandika: "Samahani boss, niko feri, robo saa nafika."

Nilifika baada ya nusu saa. Lakini kazi bado ninayo.