Kabati la Bafuni Huingiwa na Maji Ukingoni

Kabati la chini ya sinki huanza kuharibika kwa chini. Uso wake bado unang'aa, ukipitisha kitambaa unatakata, lakini karibu na sakafu ubao umetutumka, utepe wa ukingoni umebanduka na mlango haufungi tena. Fundi ndiye hulaumiwa kwamba ameuza mali feki. Mara nyingi mali ilikuwa sahihi, ila ilikatwa na kuachwa wazi.

Lamineti, yaani ule uso unaong'aa, haiogopi maji. Ni karatasi iliyoloweshwa resini ya melamini, ikagandamizwa kwa joto mpaka ikawa ngumu. Ukoo wake ni wa zamani: Daniel O'Conor na Herbert Faber walianzisha kampuni ya Formica huko Cincinnati, Marekani, mwaka 1913, wakitengeneza vihami vya umeme badala ya ulanga. Meza na makabati yalifuata baadaye.

Udhaifu umo ndani ya ubao, ambao huwa ni chipubodi au MDF. Chipubodi ni chembe za mbao, na MDF ni nyuzi laini za mbao, zilizobanwa pamoja na gundi ambayo kwa kawaida ni ya yurea na fomaldehidi. Mbao hunasa maji hata yale yaliyomo hewani tu. Unyevu wa hewa ukiwa asilimia 65, hutulia na maji yapatayo asilimia 12 ya uzito wake mkavu. Unyevu ukifika 90, hukaribia asilimia 20. Sasa fikiria Tanga, Mombasa au Unguja, ambako asubuhi nyingi unyevu huvuka 80 kabla hata mtu hajaoga.

Mninga ukivimba masika, husinyaa kiangazi. Chipubodi haina bahati hiyo. Chembe zake zilibanwa kiwandani kama godoro lililokazwa kwa kamba. Maji yakiingia, kamba hulegea. Gundi nayo huvunjwavunjwa na maji, hasa yenye joto. Ndiyo maana kuanika kabati lililovimba ni kupoteza jua.

Maji huingia pale ubao ulipokatwa, kwa hiyo kazi yote iko kwenye kingo, na inafaa ifanywe kabla kabati halijafungwa. Tundu baya kuliko yote ni la bomba. Seremala amemaliza kuziba kingo vizuri, kisha anakuja fundi bomba na msumeno wake, anatoboa nyuma asikoona mtu, anaondoka. Hapo paka vanishi ya poliyurethani mara mbili au tatu, kwa kuwa mkono wa kwanza hunywewa wote, kisha zungushia silikoni. Fanya hivyohivyo kwenye matundu ya bawaba na ukingo wa chini. Ubao uwe mkavu. Ukiuziba ukiwa na maji, umeyafungia ndani.

Wauzaji watakuonyesha ubao wenye kiini cha kijani. Kijani ni alama tu. Kinachosaidia ni melamini iliyoongezwa kwenye gundi, nayo huchelewesha maji, haiyazuii. Bado utaziba kingo.

Halafu kuna sakafu. Bafu zetu huoshwa kwa kumwaga ndoo na kusugua, basi kabati lenye kukaa sakafuni limeshahukumiwa. Litundike ukutani, au liwekee miguu ya plastiki ya sentimita 10, na uache nafasi nyuma yake hewa ipite. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80 hutoa umande ikigusa kitu cha nyuzi 24 tu. Ukiongeza mvuke wa maji ya moto, hata ukuta usio baridi sana hulowa. Feni ya kutolea hewa iachwe ikizunguka baada ya kuoga, na itoe hewa nje ya nyumba, isiishie juu ya dari.

Kama uvimbe umepanda sentimita chache tu, usilitupe kabati. Litoe, kata sehemu iliyovimba mpaka ufikie ubao mgumu, ziba ukingo mpya, ulipachike miguu. Litakuwa fupi kidogo, basi. Lakini kama uvimbe umefika kwenye bawaba, skrubu hazitashika tena. Hapo tengeneza jipya, na kwa chini ya sinki nunua ubao wa PVC.