Mtaalamu wa Miamba Lazima Awe na Nidhamu

Mjiolojia ni mtaalamu wa miamba. Yeye hutueleza kama chini ya ardhi kuna maji, dhahabu au makaa ya mawe. Wewe na mimi hatuoni huko chini. Inabidi tumwamini. Je, akidanganya itakuwaje?

DHAHABU YA BUSANG

Busang iko katika kisiwa cha Borneo, nchini Indonesia. Mwaka 1993 kampuni ya Kanada iitwayo Bre-X ilianza kutafuta dhahabu huko. Ilichoronga mashimo, ikatoa miamba, ikaipeleka kupimwa. Majibu yalionyesha dhahabu nyingi sana. Watu wengi wakanunua hisa, yaani sehemu ya mali ya kampuni. Hata mfuko wa pensheni wa walimu wa jimbo la Ontario ulinunua. Thamani ya kampuni ikafika kama dola bilioni 6 za Kanada.

Desturi ya kazi hiyo ni hii. Mwamba unaotoka shimoni ni mrefu kama fimbo. Hupasuliwa katikati. Nusu moja husagwa na kupimwa. Nusu ya pili huwekwa, ili mtu mwingine aweze kuhakikisha. Bre-X walisaga karibu mwamba wote. Hapakubaki cha kuhakikishia.

Mwaka 1997 kampuni nyingine ilichoronga kando ya mashimo yale yale. Haikukuta dhahabu ya maana. Mwezi Mei wakaguzi walisema wazi kwamba sampuli zilitiwa dhahabu ya kutoka mahali pengine. Hisa zikawa makaratasi matupu.

KANUNI MPYA

Mkuu wa wajiolojia wa Bre-X alishtakiwa, lakini mwaka 2007 mahakama ya Ontario ilimwachia huru. Hakuna aliyefungwa. Kwa hiyo mahakama peke yake haitoshi. Yafaa wenye taaluma wasimamiane wenyewe.

Mwaka 2001 Kanada ilianza kutumia kanuni mpya. Ripoti ya madini lazima isimamiwe na mtaalamu mwenye uzoefu wa miaka 5 au zaidi. Jina lake huandikwa. Lazima awe mwanachama wa chama cha taaluma chenye uwezo wa kumsimamisha au kumfukuza. Majirani zetu wa Kenya nao walitunga sheria ya kuandikisha wajiolojia mwaka 1993.

NA HUKU KIJIJINI?

Mara nyingi kijiji huchanga fedha ili kuchimba kisima kirefu. Kabla ya kulipa, fanyeni haya:

1. Mwombeni mpimaji awaonyeshe hati zake.
2. Ulizeni ofisi ya maji ya wilaya kama anajulikana.
3. Dai ripoti iliyoandikwa na kutiwa sahihi.
4. Wekeni nakala yake katika ofisi ya kijiji.

Shimo likitoka kavu, ripoti hiyo ndiyo nusu yenu ya mwamba. Mtaalamu mwingine ataisoma na kuona kama kazi ilifanywa sawasawa. Usione haya kuuliza. Mtaalamu wa kweli hachukii maswali.